Kutengana Lamu na Malindi: Kugawana Mali na Madeni Kabla ya Talaka

Mwongozo huu ni wa mume na mke ambao wameshaona ndoa haikaliki, lakini talaka bado haijatoka, au imetoka moja na eda inaendelea, na bado wanaweza kuketi pamoja wakasemezana bila kutukanana. Muda huo huwa mfupi. Wengi huupoteza wakingojea wazee wapatanishe, na wazee wakishindwa kila mtu hukimbilia anachoweza kubeba: mke dhahabu na vyombo, mume boti na hati ya kiwanja. Kesi ikifika mahakamani, boti imeoza pwani na dhahabu imeshauzwa.

Violezo vya mkataba vinavyopatikana mtandaoni vimeandikiwa watu wenye nyumba moja, hati moja na akaunti ya benki. Kwetu nyumba yaweza kuwa ya baba yake mke, ardhi iliyo chini yake ikawa ya mtu wa tatu, na boti ikawa imenunuliwa kwa bangili. Kwa hiyo kabla hamjauliza nani achukue nini, ulizeni kila kitu kilitoka wapi na kilitolewa kwa nia gani. Swali hilo ndilo litakaloamua karibu kila kitu hapa chini.

Hatua ya kwanza: jueni mtahukumiwa kwa sheria ipi

Kenya ina Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Kifungu chake cha 3 kinampa Muislamu nafasi ya kufuata sheria ya Kiislamu katika mambo ya mali ya ndoa. Mahakama ya kadhi nayo, kwa mujibu wa Katiba, husikiliza mambo ya ndoa, talaka na mirathi pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake. Mmoja akikataa, au akiwa si Muislamu, njia ni nyingine.

Tofauti ya njia hizi mbili si ndogo. Katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, ndoa haichanganyi mali. Cha mume ni cha mume, cha mke ni cha mke, na kilichonunuliwa kwa fedha za wote wawili ni cha ushirika kwa kadiri ya walichotoa. Juu ya hapo mke ana haki zake: mahari iliyobaki, nafaka (yaani matumizi ya kumtunza) na makazi ya eda kama talaka ni rejea, ile ambayo mume anaweza kumrejea mkewe kabla eda haijaisha, na mutaa, ile zawadi ya kumliwaza ambayo wengine huiita kitoka nyumba.

Katika sheria ya 2013, mali ya ndoa ni nyumba ya familia, vyombo vyake, na mali nyingine mliyoipata pamoja wakati wa ndoa. Hugawanywa kwa mchango, na mchango si fedha peke yake. Kulea watoto, kazi za nyumbani, kusimamia duka na kulima shamba vyote vinahesabiwa. Kitu kikiandikwa jina la mmoja, sheria inachukulia kwamba anamshikia na mwenzake mpaka athibitishe vinginevyo. Yakiwa majina mawili, inachukulia ni sawa kwa sawa. Lakini msidanganywe na maneno ya barazani kwamba siku hizi kila kitu ni nusu kwa nusu. Mahakama ya Juu ilisema wazi Januari 2023 kwamba usawa wa Kifungu cha 45(3) cha Katiba hauleti nusu kwa nusu moja kwa moja, na kila mmoja lazima aonyeshe alichochangia.

Na mahakama huigawa mali ndoa ikishavunjika. Kabla ya hapo, mnachokifanya ni mapatano ya hiari. Hapo pana uhuru mkubwa: mnaweza kukubaliana zaidi au chini ya kile ambacho hakimu au kadhi angewapa, ilimradi hakuna aliyetishwa, aliyedanganywa au aliyefichwa.

Hatua ya pili: andikeni orodha, tena kwa mkono wa kila mmoja

Kila mmoja aandike yake peke yake, kisha mlinganishe. Msianze na thamani. Andikeni kitu, mwaka kilipopatikana, fedha zilitoka wapi, jina lililo kwenye karatasi, na kiko wapi sasa. Pale orodha mbili zinapotofautiana ndipo penye mazungumzo yenu; kwingine piteni haraka.

Vinavyosahaulika mara nyingi ni hivi: hisa na akiba za SACCO, zamu ya mchezo wa kuchangiana fedha ambayo haijafika, amana ya kodi ya duka, boti au wavu ulioko kwa nahodha mwingine, punda, barua ya ugawaji wa kiwanja huko bara, upande wa Mokowe au Mpeketoni, ambacho hati yake haijatoka, na minazi. Kwa Malindi minazi iangaliwe kwa uangalifu, maana mti unaweza kuwa wa mtu na ardhi ikawa ya mwingine.

Yasiyogawanywa yatoeni mapema ili yasiwapotezee muda. Mali ya wakfu haigawanywi hata kama mmeishi humo miaka yote. Urithi wa mmoja wenu ni wake. Alichokuja nacho kabla ya ndoa ni chake. Mali ya mtoto, pamoja na akiba iliyofunguliwa kwa jina lake na hereni za msichana, ni ya mtoto.

Hatua ya tatu: dhahabu

Hapa ndipo ndoa za pwani hugombana zaidi, kwa hiyo chukueni muda.

Dhahabu ya mke ni ya aina tatu. Kuna ya mahari, ambayo ni yake bila mjadala. Kuna aliyopewa na mama yake, shangazi zake na wageni wa harusi, nayo pia ni yake. Halafu kuna ile aliyonunuliwa na mume katikati ya ndoa, na hapo waume wengine husema, "Nilimvalisha tu, sikumpa." Sheria ya 2013 inasema zawadi ya mume kwa mke wakati wa ndoa huchukuliwa kuwa ni ya aliyepewa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa maoni yangu, mwanamume aliyemfunga mkewe mkufu mbele ya wifi zake wote hana la kuthibitisha.

Ugumu ni dhahabu isiyokuwepo tena. Bangili ziliuzwa mashine ya boti ilipokufa, au ada ya chuo ilipokaribia. Fedha zile zilikuwa nini? Majibu ni matatu, na lazima mchague moja kwa kila tukio:

Ilikuwa hiba, alimpa mumewe akasamehe; basi hadai kitu.

Ilikuwa mkopo, basi ni deni la mume na linaingia kwenye orodha ya madeni, sawa na deni la mtu wa nje.

Ilikuwa ushirika, basi mke ana fungu kwenye kile kilichonunuliwa, na fungu hilo hupanda na kushuka pamoja na thamani yake.

Kwa kuwa hakuna aliyeandika siku ile, tafuteni dalili. Je, mume aliwahi kusema "nitakurudishia"? Nani alikuwepo? Sonara alitoa risiti? Fedha zilipita kwa M-Pesa? Stetimenti ya zamani inaweza kuombwa, na inamaliza ubishi kuliko kiapo. Dada aliyekwenda naye kwa sonara anaweza kuwa shahidi. Aya ya deni, ya 282 katika Suratul Baqara, imetuamrisha kuandika na kushuhudisha, nasi tumeihifadhi kwa moyo tukaiacha hapo hapo.

Hatua ya nne: nyumba

Lamu, desturi ya muda mrefu ni baba kumpa binti yake nyumba au dari anapoolewa, na mume akahamia. Hapo nyumba si ya kugawanywa. Ila mume huenda alijenga ghorofa juu, akabadilisha boriti zilizooza, akapiga chokaa upya, akavuta maji. Kifungu cha 9 cha sheria ya 2013 kinamtambua aliyeboresha mali ya mwenzake: anapata haki kwa kadiri ya alichochangia. Dawa yake ni fedha. Mhesabu alichoweka, mtoe miaka aliyokaa bila kodi kama mtakubaliana hivyo, na kinachobaki alipwe. Kuukata mlango wa pili ukutani ili kila mmoja awe na upande wake ni wazo ambalo husikika sana. Mji wa Kale wa Lamu uko katika orodha ya UNESCO tangu 2001, na jengo la humo halibadilishwi bila idhini. Halafu mtaendelea kusikilizana mkikohoa.

Malindi hali ya kawaida zaidi ni nyumba bila ardhi. Mmejenga Maweni au Barani, na kila mwezi au mwaka mnamlipa mwenye ardhi kodi ya uwanja. Mnachomiliki ni mawe, mabati na milango. Kwa hiyo kabla ya kukubali "nyumba ni yako, mimi nachukua gari," fanyeni haya: zitazameni risiti za kodi ya ardhi ziko kwa jina la nani, hakikisheni hakuna malimbikizo, na mwendeeni mwenye ardhi mkamuulize kama atamtambua yule atakayebaki. Mke aliyepewa nyumba kwenye karatasi huku mwenye ardhi anamjua mume peke yake amepewa jengo ambalo anaweza kuambiwa alivunje.

Kama kuna hati, mmoja aende ofisi ya ardhi akafanye sachi, yaani upekuzi wa rekodi za kiwanja, kabla ya mazungumzo kuendelea. Sachi ndiyo itakayowaonyesha kama kiwanja kimewekwa rehani. Mmoja akihofu kwamba mwenzake atauza wakati wakizungumza, anaweza kuomba kizuizi kisajiliwe. Kwa wanaofuata sheria ya 2013, nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza.

Hatua ya tano: madeni

Panga madeni mafungu matatu: ya kabla ya ndoa, ya nyumba, na ya mtu binafsi. La kabla ya ndoa hubaki kwa aliyelikopa. La nyumba, yaani lililoingiwa kwa manufaa ya familia, sheria ya 2013 inawabebesha wote wawili sawasawa. La mtu binafsi ni lake. Katika fiqhi mume ndiye mwenye jukumu la nafaka, kwa hiyo deni la unga, dawa na ada ya watoto humwelekea yeye hata kama daftari la duka lina jina la mke. Haya ndiyo madeni ambayo wanawake huondoka nayo kimyakimya. Nendeni dukani mkalisome daftari pamoja.

Mahari iliyobaki ni deni. Tazameni cheti cha ndoa: iliyotajwa, iliyolipwa, iliyosalia. Kama talaka ni ya hului, mke akajivua kwa kurejesha mahari, semeni kwa tarakimu anarudisha kiasi gani, na kwamba hakuna kingine anachodaiwa. Nimeona hului ikageuzwa mnada, mume akipandisha bei kila kikao.

Kisha kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha: mkataba wenu haumfungi anayewadai. Mkiandika kwamba mume atalipa mkopo wa SACCO ulio kwa jina la mke, SACCO itaendelea kumdai mke, na asipolipa ni jina la mke litakalopelekwa kwa wanaotunza rekodi za wakopaji. Ukiwa mdhamini wa mwenzako, talaka haikutoi kwenye udhamini. Kwa hiyo, kwa kila deni chagueni moja: lilipwe lote kabla ya kusaini, au mkopeshaji akubali kwa maandishi kubadilisha mkopaji au mdhamini, au anayebeba deni aweke kitu kama amana mpaka limalizike. Mikopo ya simu, Fuliza na wenzake, ilipeni tu. Ni midogo, inakua haraka, na haina maana kuijadili mbele ya wazee.

Hatua ya sita: pigeni hesabu, mfano wa boti

Tuseme boti na mashine vilinunuliwa kwa shilingi 600,000. Dhahabu ya mke ilitoa 240,000, akiba ya mume 210,000, na mkopo wa SACCO 150,000. Mkopo umekuwa ukilipwa kwa mapato ya boti yenyewe, na umebaki 90,000. Wamekubaliana kwamba dhahabu ilikuwa ushirika.

Fundi na nahodha asiye ndugu wa yeyote wameikadiria boti kuwa ni ya 450,000 leo. Toa deni: inabaki 360,000. Dhahabu ni asilimia 40 ya bei ya kununulia, akiba ya mume ni 35, mkopo ni 25. Kwa kuwa mkopo ulilipwa na boti, ile 25 wanaigawa nusu. Mke ana 52.5, sawa na 189,000. Mume ana 47.5, sawa na 171,000.

Mume ndiye anayevua, kwa hiyo anabaki na boti na anachukua deni lote la SACCO. Anamdai nani? Hakuna. Anadaiwa 189,000 na mkewe. Hapa ndipo mikataba mingi huharibika, kwa kuandika "atalipa kila mwezi." Kusi likivuma, boti nyingi hukaa pwani. Mume atashindwa mwezi wa sita na wa saba, mke atakwenda kushtaki, na uhasama utaanza upya. Andikeni malipo yafuate bahari: 13,500 kila mwezi kuanzia Oktoba hadi Aprili, miezi saba, ambayo ni 94,500. Misimu miwili na deni limekwisha. Na boti isiuzwe wala kuwekwa rehani mpaka awamu ya mwisho ilipwe.

Kama mngekubaliana kwamba dhahabu ilikuwa mkopo, mke angedai 240,000 kamili hata kama boti imeshuka thamani. Ndiyo maana hatua ya tatu haifai kurukwa.

Hatua ya saba: kuandika

Andikeni kwa Kiswahili mnachokielewa, wakili akiweke sawa baadaye. Majina kamili, namba za vitambulisho, tarehe ya ndoa na namba ya cheti. Kila mmoja atamke kwamba ameonyesha mali na madeni yake yote, na kwamba kitakachogunduliwa kimefichwa kitarudi mezani. Kisha orodha: kitu, anayekichukua, siku ya kukabidhi. "Vyombo vya nyumbani mke atachukua" haitoshi. Andikeni samadari, friji, cherehani, kasha la bibi.

Kuna vifungu vitatu ambavyo watu huviona aibu kuviandika, na ndivyo vinavyohitajika.

Cha kwanza ni mkirudiana. Talaka rejea ina mlango wazi mpaka eda iishe: twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi wa hedhi, kwa anayeingia hedhini, miezi mitatu kwa asiyeingia, na kujifungua kwa mwenye mimba. Semeni kama mkirejeana mkataba unafutika, au yaliyokwisha kukabidhiwa yanabaki hivyo hivyo. Mimi naona dhahabu na fedha zilizolipwa zibaki kwa mwenyewe.

Cha pili ni kifo. Mume akifariki eda ya talaka rejea haijaisha, mke anamrithi: thumni kama mume ana watoto, robo kama hana. Lakini zile 189,000 na mahari iliyobaki ni deni, na deni hutolewa kabla warithi hawajagusa kitu. Bila maandishi, mashemeji watasema hawakusikia habari hiyo.

Cha tatu ni asipolipa. Awamu ngapi zikipita ndipo deni lote lidaiwe? Nani atakwenda kwanza kwake kumkumbusha? Aya ya 35 ya Suratun Nisaa imetaja msuluhishi mmoja wa jamaa za mume na mmoja wa jamaa za mke. Watajeni kwa majina, wachagueni watu wanaojua hesabu, na msimchague aliyewaozesha kwa sababu ya heshima tu.

Mambo ya watoto, nani anakaa nao, nafaka na shule, yaandikieni karatasi yake. Nafaka ya mtoto haibadilishwi kwa fungu la boti, na mahakama inaweza kuitazama upya wakati wowote kwa maslahi ya mtoto.

Hatua ya nane: kusaini na kusajili

Kila mmoja apate ushauri wake. Wakili mmoja kwa wote wawili ni rahisi kwa bei, lakini ndiyo sababu ya kwanza atakayoitaja anayetaka kuvunja mkataba. Asiyeweza kulipa ajaribu mashirika ya msaada wa sheria. FIDA Kenya, kwa mfano, ina ofisi Mombasa. Mke asisaini akiwa yuko peke yake nyumbani kwa wakwe, wala siku ambayo talaka imetamkwa. Mpeni mtu siku kadhaa aende na rasimu kwa nduguye anayejua kusoma mikataba.

Sainini mbele ya mashahidi wawili, kila ukurasa. Kisha upelekeni mahakamani, kwa kadhi au kwa hakimu kulingana na hatua ya kwanza, mwombe uingizwe kuwa amri ya mahakama kwa ridhaa ya pande zote. Ukishakuwa amri, asiyetekeleza anakuwa amevunja amri, na huhitaji kuanza kesi upya kuthibitisha kwamba mlikubaliana.

Kwa ardhi, mkataba peke yake hauhamishi hati. Mnahitaji fomu za uhamisho, na kama ni shamba, idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi. Zuri ni kwamba kodi ya faida ya mauzo ya mali, ambayo ni asilimia 15 tangu 2023, haitozwi kwenye uhamisho kati ya waliokuwa mume na mke ikiwa ni sehemu ya mapatano ya talaka au mkataba wa kweli wa kutengana. Kwa hiyo nakala ya mkataba iende pamoja na fomu. Anayeuita uhamisho huo "mauzo" ili amalize haraka anajitafutia kodi.

Wiki hiyo hiyo badilisheni namba za siri za simu na benki, toeni kadi ya mwenzenu kwenye akaunti, hamisheni umiliki wa gari au pikipiki kupitia eCitizen, na nendeni SACCO mkabadilishe jina la mtu atakayelipwa akiba zenu mkifa. Hilo la mwisho lifanyeni kwa miguu yenu, msilitume kwa mtu, na mdai nakala iliyopigwa muhuri.